Chachu Yenye Alama

Kisimani walisema choo cha mtoto siku hizi kinataja nyumba alimokula. Nilicheka, lakini neno lile likaniganda hadi siku ya kliniki.

Nesi Haule alipima kopo la choo cha mwanangu Stumai. "Mama Stumai, mtoto kanywa togwa ya Mama Ndunguru, si ya kwako."

"Kwani ulikuwepo?"

"Chachu imesema." Akanieleza kuwa kila nyumba imepewa na kliniki chachu yake ya kuchachushia togwa, na ndani ya jeni la vijidudu vyake kumepachikwa kipande cha alama. Kijidudu kikinakili jeni hilo ili kulitumia, hunyofoa kipande cha alama kwenye nakala na kukitupa; jeni lenyewe haliguswi. Nakala hubaki mapande mawili yasiyoungwa tena, lakini hufanya kazi, na kijidudu kinaishi. Ndiyo maana togwa haibadiliki ladha, ila alama imebaki kwenye jeni. "Kugawiana ni marufuku. Tia sahihi hapa kuwa alimpa, tukamwage chungu chake."

Huyo Mama Ndunguru, jirani yangu, ndiye aliyemlisha mwanangu nilipolazwa.

"Sitii sahihi. Kamwageni changu."

"Basi Stumai hataandikishwa chekechea."

"Nitamfundisha mwenyewe. Na togwa atakunywa kule kule!"

Mama wenzangu, epukeni haya:

Msipokee chachu ya bure inayoletwa mlangoni.

Msitoe kopo la choo kabla ya kuuliza linasomwa nini.

Msitie sahihi juu ya chungu cha mwenzenu.

Msimfundishe mtoto kuogopa kikombe cha jirani. Wangu tayari huuliza kwanza kama kinaruhusiwa.