Jina Ndani ya Kofia

Katika arobaini ya Meja Kitwana, rubani wa ndege ya kivita iliyoanguka, rafiki yake Mbaruku, fundi rangi, alikaa mkekani akisikiliza asielewe wanamzungumzia nani. Wanajeshi walisimama mmoja mmoja kumsifu mtu asiyejua woga.

Luteni Mwakideu, aliyekuwa akiruka na marehemu, alimpakatisha Mbaruku kofia ngumu ya zamani ya urubani ya Kitwana.

"Pole, kaka. Hii ni yako."

"Yangu kivipi? Mimi hata ndege sijawahi kupanda."

"Tazama ndani."

Ndani, kwa wino uliofifia kwa jasho, paliandikwa: Mbaruku.

"Kila tukipaa alikuwa akinong'ona, 'Mbaruku, shika ngazi. Usiiachie.' Tulidhani ni ndugu yake aliyekufa."

Mbaruku aliyagusa maandishi yale kwa kidole. Ujanani yeye na Kitwana walipaka rangi nyumba za watu pamoja. Kitwana alitetemeka kwenye kila kidato cha ngazi, naye Mbaruku chini akiishikilia kwa mikono miwili. Siku Kitwana alipojiunga na jeshi la anga, alimwambia woga umekwisha.

"Kwa nini hakuniambia?"

Luteni alitikisa kichwa. "Mimi nilitaka kukuuliza wewe."

Mbaruku hakujua acheke au alie. Aliivaa kofia. Ilimbana, na sauti za watu zikafifia, akawa anasikia pumzi zake tu. Mama yake Kitwana, aliyekaa upande wa pili, aliinuka akamjia, akamsemesha jambo. Mbaruku aliitazama ile midomo ikienda, asiivue kofia.