Uchungu wa Upande wa Jua

Siku tatu Mwanaheri alimnywesha mama yake mwarobaini, na homa haikushuka. Jirani yao, Bi Kirembo, alionja kikombe akatema.

“Mbona kama chai? Umechuma wapi?”

“Nyuma ya nyumba, kivulini. Nilitafuta majani machanga, uchungu usimchukize.”

“Machanga ya masika, mwanangu! Hayo yamekunywa maji tu. Dawa hupikwa na jua.”

Akaleta mkebe wake, akachemsha konzi ya mwisho ya majani aliyochuma kiangazi, upande wa jua.

Mgonjwa alipiga funda moja, akakunja uso. “Mnataka kuniua?” Ilikuwa kauli yake ya kwanza tangu juzi.

Mwanaheri aliubusu mkono wa Bi Kirembo, na mama alipomaliza dawa, akanywa masalio yote ya kikombeni, aujue uchungu wa dawa ya kweli. Alipopewa maji ya kusukutua, aliyashika tu, uchungu ungali mdomoni.