Kadi ya Kipa

Mwatumu alikuwa akiifuta kwa pamba kadi yenye picha ya baba yao akiwa kipa, iliyotoka zamani kwenye pakiti ya jojo za kutafuna. Alipoilaza juu ya kadi ya beki, iliyochapwa kwa kipimo kilekile, ya chini ikachungulia pembeni.

"Umeikata," alimwambia mdogo wake, Shemboza.

"Nimenyoosha kingo tu, dada. Zililiwa na mende, na mnunuzi anataka kitu kisafi."

Mwatumu akaisogeza kadi dirishani. Baba alikuwa ameruka, mikono kaitupa hadi ukingoni, ila mkasi ulikuwa umepita na vidole vyote.

"Vile vipande viko wapi?"

"Nimeshafagia."

Mwatumu akanawa mikono, akanawa tena. Kwenye kadi mpira ulikuwa bado unakuja, na baba hana cha kuudakia.