Kitabu cha Kumzuia Mzee Shaweji

Mzee Shaweji alipotangaza kwamba anamwoza binti yake wa darasa la saba, Bi Salha wa maktaba hakubishana naye. Alimchagulia kitabu kuhusu msichana aliyeozwa kwa nguvu, akatoroka, akafia njiani.

"Kisome chote, mzee wangu," alimsihi.

Mzee alikirudisha Ijumaa, macho yamemwiva.

"Kimeniliza, Bi Salha. Maskini yule mtoto!"

Bi Salha akashusha pumzi. "Kwa hiyo harusi haipo tena?"

"Ipo. Tumeifanya iwe kesho. Yule baba alikosea kungoja, binti akapata mwanya wa kutoroka. Wangu nimemfungia ndani." Akatabasamu kwa shukrani. "Hebu nipe kingine kama hicho."

Bi Salha aliigeukia rafu, akainua mkono, asithubutu kugusa kitabu chochote.