Ruhusa ya Dokta Kostakis

Brodie Hanrahan alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, macho ameyafumba, mikono kiunoni, na hasira zimemfika kooni. Mtu mzima wa miaka thelathini na mitatu, beki wa mpira wa Kiaustralia anayeogopwa Melbourne nzima, anasimamishwa kama mtoto aliyechelewa shule.

"Umetikisika," alisema Dokta Kostakis.

"Sakafu yenu ndiyo imetikisika."

Daktari wa klabu hakucheka. Aliandika kitu kwenye tableti yake, na Brodie akaichukia ile tableti kwa moyo wake wote.

Kisa chenyewe kilikuwa kidogo tu, kwa maoni yake. Katika mechi ya mwisho ya ligi aliruka kuudaka mpira kwa mikono, kama mchezo wao unavyotaka, goti la mtu likampata kisogoni. Akaanguka, akainuka, akataka kuendelea. Wakamtoa uwanjani kwa kumsukuma. Tangu hapo hakuna aliyemwacha apumue. Sasa Jumamosi ya fainali ya kwanza, mwanzo wa mechi za mtoano baada ya ligi, ilikuwa inakaribia, na sheria haikuwa na mjadala: asipofaulu jaribio la daktari, hachezi.

Na Jumamosi hii haikuwa ya kufanyiwa mzaha. Maisha yake yote ya uchezaji ameyamaliza kwenye klabu hii moja, na hajawahi kugusa mechi ya fainali hata moja. Mwaka timu ilipofuzu, goti lake lilikuwa limefungwa bandeji. Ilipofuzu tena, bega lilikuwa limevunjika. Miaka mingine yote walikuwa mkiani, naye akawa anazitazama fainali za wenzake kwenye kochi, pai ya nyama mkononi. Mkataba wake ulikuwa unaisha, na kocha alikwishamwambia, kwa ule upole unaoudhi kuliko matusi, kwamba hautaongezwa. Ilikuwa ni Jumamosi hii au basi tena.

"Kaa. Nakutajia maneno, halafu uyarudie. Kijiko, dirisha, nyasi, kobe, chumvi, koti."

Aliyarudia. Moja likagoma kutoka. Aliling'ang'ania mpaka jasho likamtiririka mgongoni.

"Kobe," alisema mwishowe.

"Kobe umeshamtaja, Hanno," alisema daktari, akimwita kwa jina lake la utani la klabuni.

Nani angekumbuka chochote chini ya taa zile? Ni nani aliyewashauri waweke taa kali namna ile kwenye chumba cha wagonjwa? Kila mtu siku hizi alikuwa anamfanyia vituko. Kule kwenye vyumba vya kubadilishia nguo kulijaa vijana wapya waliokata nywele mtindo mmoja, wakamsalimia, na yeye hakumjua hata mmoja kwa jina. Mkewe, Tamsin, alikuwa na tabia mpya ya kuhamisha funguo za gari kila siku. Asubuhi hiyo zilipokosekana tena waligombana jikoni, na mwisho wake Tamsin akamleta mwenyewe kwa gari lake. Alikuwa anamsubiri huko nje.

"Kichwa kinauma?"

"Hakiumi."

"Haya, nitajie miezi, kuanzia wa mwisho kurudi wa kwanza."

"Desemba. Novemba. Oktoba." Alikaza macho ukutani, ngumi amezikunja, akaitoa miezi mmoja mmoja. Alipofika Januari alihema. "Naona unanitafutia sababu, Dokta."

"Nautafutia usalama huo ubongo wako. Ukiingia uwanjani hujapona, halafu ugongwe tena, sitakuwa na la kukusaidia. Kila mchezaji alifanya jaribio hili Februari akiwa mzima. Mimi nalinganisha tu. Ukipungua hata kidogo, Jumamosi tunakaa wote jukwaani, mimi na wewe."

"Na pai mkononi."

"Nitakununulia mimi."

Hakuona cha kuchekesha. Alimtazama daktari akipitisha kidole kwenye tableti, akirudi juu, akishuka tena. Mtu amejitoa mhanga miaka yote hiyo, mwili mzima una alama za visu vya madaktari, halafu kesho yake inaamuliwa na kobe. Aliuma meno asije akasema neno la kumponza.

Dokta Kostakis aliinua macho.

"Umefaulu, Hanno. Kusimama, maneno, miezi, kila kitu kimelingana na Februari. Sina sababu ya kukuzuia."

Brodie alimkumbatia mpaka tableti nusura ianguke. Kwenye korido machozi yalimtoka na hakuyaficha. Mtunza uwanja alimpigia makofi bila hata kujua anampigia kwa nini. Alitoka nje akikimbia, akaingia garini na kuubamiza mlango.

"Nacheza, Tam. Nacheza Jumamosi."

Tamsin alishusha pumzi ndefu. Uso wake ulilegea, kitu ambacho Brodie hakuwa amekiona tangu siku ya lile goti la kisogoni. "Amesemaje hasa?"

"Alama zilezile za Februari. Hata moja haijapungua."

Mkono wa Tamsin ulikuwa tayari kwenye ufunguo. Aliuondoa.

"Si ndiyo ile Februari uliyorudi nyumbani unacheka, ukaniambia wakongwe wote mmekosea makusudi, ili siku mkigongwa vichwa wasije wakawazuia kucheza?"

"Hiyohiyo," Brodie alisema, akivuta mkanda wa kiti.

"Kwa hiyo na leo umekosea makusudi?"

"Leo? Ningethubutu vipi, na fainali ni keshokutwa?" Alikuwa anatabasamu. "Leo nimekaza akili zangu zote, Tam."