Hifadhi ya Muda Mrefu

Mkwe alikuwa anajaza maji kwenye tangi la karavani, ile nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari.

Mama mkwe alisimama kwenye mlango wa jikoni, kikombe mkononi, akautazama mpira wa maji ukitetemeka. Maji! Msimu wa matembezi umekwisha, karavani linakwenda kukaa miezi bila kuguswa, na huyu bwana analijaza maji utadhani anataka kufuga samaki.

Miaka thelathini mama alikuwa msimamizi wa yadi ya kuhifadhia makaravani, pikipiki za maji na makorokoro yote ambayo wenye nazo huyachezea wiki tatu kisha huyasahau. Kanuni ilikuwa moja: kausha. Toa maji, toa betri, simamisha godoro, acha friji wazi. Hata mlinzi aliyekuwa akisinzia getini aliielewa. Mkwe wake, na shahada zake mbili, haimwingii.

"Baba," aliita kwa adabu yenye sumu ndani, "hilo tangi linatakiwa liwe tupu."

"Asante, mama." Akaendelea kujaza.

Asante! Mama akapiga funda la chai ili asicheke.

Na pikipiki ya maji, ile pale pembeni, aliihifadhi vizuri asubuhi hiyohiyo. Alimwaga maji yote ya injini, akatoa betri, akaziba bomba la moshi kwa kitambaa panya wasiingie, akaifunika kwa turubai. Lakini hapo mama alikuwa amesimama nyuma yake, anamwelekeza na kuguna kila hatua. Akiachwa peke yake, ndiyo haya sasa.

Mama alikuja kwa wiki mbili. Akaona bintiye anavyoishi na zoba, akajitolea kubaki. Huu ni mwezi wa tisa tangu aje. Chumba cha mjukuu kilimtosha, mjukuu akahamia kwenye kochi. Na kila siku mama alisubiri kitu kimoja tu: binti afungue kinywa akiri kwamba aliolewa na mtu bure kabisa. Binti hakukiri. Alikuwa akiosha vyombo kwa kelele, basi.

Mkwe akaliinua karavani juu ya matofali. Hilo alipatia, kubahatisha nako kupo. Kisha akaweka betri mpya. Akavuta waya wa umeme kutoka nyumbani, friji ikaanza kunguruma. Halafu akapita mbele ya mama amejitwisha godoro jipya, bado limo kwenye nailoni.

"Godoro jipya! Watalala panya?"

"Ni gumu, mama. Wanasema linafaa mgongo."

"Mgongo wa panya."

Akalisukuma godoro ndani ya karavani. Hajui kujibu, hiyo ndiyo shida yake.

Ni pale alipoanza kutundika mapazia ndipo mama aliposhusha kikombe. Maji. Umeme. Godoro. Mungu wangu! Huyu hahifadhi kitu. Huyu anahama!

Binti amemtimua hatimaye, tena bila makelele. Kumbe kimya kile chote alikuwa anawaza. Damu ya mama yake! Mama alijisikia mwepesi, akatamani kuimba. Akavuka ua, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi yote hiyo akamwonea huruma yule zoba. Mtu mzima, kuishia kwenye boksi la bati pembeni ya ua. Lakini ndipo panapomfaa.

"Nimeelewa, baba," alisema, akamgusa bega.

Mkwe aligeuka, pini za mapazia mdomoni. Akazitoa. "Umeelewa, mama? Kweli?"

"Mimi si mtoto. Ni uamuzi mgumu, lakini wa busara. Kila mtu apumue."

"Tulidhani utakasirika."

"Nikasirike kwa lipi? Pazuri hapa. Padogo, lakini mtu mmoja anahitaji nini?" Aliichungulia ile friji, akatikisa kichwa kwa dharau ya kirafiki. "Asubuhi atakuwa analetewa chai."

Machozi yakamlengalenga mkwe. Zoba hadi mwisho.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Mama akatanua mikono ampokee bintiye, amkumbatie kwa ushujaa wake.

Binti hakuweza kumkumbatia. Kwapani alikuwa amebana mto, na mkono mwingine ulikuwa unakokota lile sanduku la kahawia ambalo mama alikuja nalo kwa wiki mbili.