Bangili Pacha

“Fedha inamkataa mchawi,” mama mkwe aliuambia ukoo uliokusanyika uani kwake, kijijini Ziba. “Tazameni mkono wa Imakulata.”

Wakanitazama. Pale ilipokaa bangili ya harusi aliyonivisha mama mkwe mwenyewe, ngozi ilikuwa imechubuka na kutoa maji. Ndiyo sababu walitaka kunirudisha kwetu.

Sikulia. Nilitoa kichupa cha dawa ya kupimia madini nilichopewa na daktari mmoja Mwingereza kule Tabora, nikalowesha pamba, nikaisugua bangili. Pamba ikageuka rangi ya waridi, kama ufizi wa mtoto mchanga.

“Hii si fedha tupu. Ina nikeli,” nikasema. “Ni madini yanayowasha ngozi za baadhi ya watu. Uchawi hakuna.”

Wazee wakaguna. Mume wangu akainua uso. Ningeweza kuishia hapo, lakini huruma yangu ilikwisha siku mama mkwe aliponitengea chakula karibu na mbwa.

Nikalowesha pamba nyingine, nikamsogelea. Yeye alikuwa amevaa bangili pacha ya ile yangu. Juani pale alikuwa amejifunika khanga mpaka vidoleni, na chini ya khanga alikuwa akijikuna.

“Shikamoo, Mama,” nikasema. “Naomba mkono.”

Akaikaza khanga.

Nikaivuta khanga.